Mti wa Maziwa wa Wandembu

Kila mtu aliyepata kuukata mninga kwa shoka analijua jambo lile linalowashangaza watoto, ya kuwa mti huo hutoka damu. Utomvu wake ni mwekundu. Hutiririka kidogo juu ya gome, kisha huganda kama damu ya kidonda. Sisi tumeupenda mninga kwa ajili ya mbao zake, tukafanya vitanda na milango na madawati ya shule, na habari ya damu yake tumewaachia watoto waulize. Lakini iko nchi upande wa machweo, karibu na chemchemi ya mto Zambezi, ambayo wazee wake waliitazama damu ya mninga wakaifanya somo la vijana wao. Tena wakautazama mti mwingine, wenye utomvu mweupe kama maziwa, wakaufanya somo la binti zao. Watu hao ni Wandembu. Nimependa kuwaandikia habari zao kwa kuwa zimenisumbua moyoni, mimi niliye mwalimu, kuliko habari nyingi za wafalme na vita nilizofundishwa chuoni.

Wandembu ni sehemu ya Walunda. Asili yao ni katika milki ya Mwantiyanvwa, mfalme mkuu wa Walunda katika Kongo. Walitoka huko wakiongozwa na mkuu wao aliyeitwa kwa cheo cha Kanongesha, wakaja kukaa katika wilaya ya Mwinilunga, pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi iliyoitwa Rodesia ya Kaskazini, na ambayo tangu 1964 jina lake ni Zambia. Nchi yao ni ya misitu ya miombo. Chakula chao kikubwa ni muhogo, na kazi waliyoitukuza wanaume ni uwindaji.

Kuna sheria mbili za Wandembu ambazo msomaji hana budi kuzishika, maana asipozishika hataelewa neno lo lote la yale yafuatayo. Ya kwanza, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Urithi, cheo, na haki ya kukaa katika kijiji humjia kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mkubwa wake. Ya pili, mwanamke akiolewa huondoka kwao akaenda kukaa kwa mumewe. Basi angalia taabu iliyomo. Kijiji hakiwezi kudumu bila watoto wa dada, na dada wote wametawanyika katika vijiji vya waume zao. Kila mwanamume anataka mkewe akae naye siku zote, na papo hapo anataka dada yake arudi nyumbani na watoto wake. Kila mama anajua ya kuwa binti akiisha kukua, watu wengine watakuja kumchukua, ingawa watoto atakaowazaa binti huyo ndio watakaolipa jina la ukoo uhai. Talaka zilikuwa nyingi kwa Wandembu, wala si ajabu.

Habari hizi ziliandikwa na Bwana Victor Turner, mtaalamu wa desturi za watu, pamoja na mkewe Bibi Edith Turner. Walikaa katika Mwinilunga kati ya 1950 na 1954, wakalea watoto wao wadogo huko huko kijijini. Ilikuwa bahati kubwa kwamba walikuwa mume na mke, maana katika ngoma za wanawake mwanamume hapati kusikia yote. Mengi tunayoyajua ya mti wa maziwa, Bibi Turner aliambiwa na wanawake wenyewe.

Ngoma ya wasichana iliitwa Nkang'a. Haikungojea msichana avunje ungo. Ilianza maziwa yake yalipoanza kuonekana kifuani. Tena hebu wasomaji wafikiri kidogo juu ya neno hilo, maana hata katika Kiswahili chetu maziwa ni jina la chakula cha mtoto mchanga, na ni jina la kifua cha mama vilevile. Wandembu wangetuelewa upesi. Ngoma yenyewe ilikuwa na sehemu tatu: Kwing'ija, yaani kuingiza, halafu Kunkunka, yaani kukaa ndani, na mwisho Kwidisha, yaani kutoa nje.

Siku ya kuingiza ndiyo siku ya mti. Wandembu waliuita mti huo mudyi. Haukuwa mti mmoja mkubwa wa zamani uliotengwa, kama miti ya matambiko tuliyoizoea katika nchi nyingine, bali kila msichana alichaguliwa mudyi mchanga, mwembamba, uliomea mahali panapofaa. Ukikwaruza gome lake, mara matone meupe yanatoka. Kungwi, ambaye kwao huitwa nkong'u, alimleta mwali asubuhi mapema, amefunikwa blanketi gubigubi, akalazwa chini ya mti. Mahali pale pakaitwa ifwilu, na maana yake ni mahali pa kufia. Huyo mtoto alilala hapo mchana kutwa, asigeuke, asiseme, asionekane uso. Mtu akimtazama angeweza kusema ni maiti iliyofunikwa sanda; mwingine angeweza kusema ni mtoto aliye bado tumboni. Wandembu walikusudia yote mawili.

Wanawake wakauzunguka mti wakicheza na kuimba saa kwa saa. Wanaume hawakuruhusiwa kukaribia mwanzoni, na nyimbo nyingi zilikuwa za kuwadhihaki wao. Siku ile wanawake wa vijiji vyote walikuwa kitu kimoja, na waume zao ndio waliokuwa wageni. Ukiwauliza wanawake wale maana ya mti, walijibu bila kusita. Maziwa ya mti ni maziwa ya mama. Mti ni mama na mtoto wake. Kisha walikwenda mbali zaidi: mti ni tumbo la ukoo wote, ni mahali alipolala bibi wa kwanza alipochezwa, na baada yake binti yake, na binti wa binti yake, hata nyanya zetu, hata mama zetu, hata sisi, tena wanaume wamo pia, kwa maana nao hutahiriwa chini ya mti wa maziwa.

Hapo niliposoma mara ya kwanza nilisimama. Nimekwisha kusema ya kuwa kila mwali alikuwa na mti wake mchanga. Ule mti alioulalia bibi wa kwanza, kama aliishi kweli mtu mmoja wa namna hiyo, ulioza zamani, tena labda ulikuwa katika Kongo. Ilikuwaje basi waseme alilala hapa? Nadhani walisema kweli kwa namna ambayo sisi tuliozoea vitabu tumeisahau. Sisi tukitaka kuonyesha ukoo tunaandika majina katika karatasi, na karatasi hiyo ikiliwa na mchwa, ukoo umekwisha. Wao hawakuandika. Walimlaza kila binti mahali pamoja na mama zake, nayo hiyo ikawa orodha, na kila mwanamke aliyecheza duarani alikuwa ameisoma kwa mwili wake mwenyewe alipokuwa mtoto. Kitabu cha historia cha namna hiyo hakihitaji mti mzee, mradi uwe mti wa jinsi ile ile.

Mndembu mmoja aliyepata elimu ya kizungu alimweleza Bwana Turner kwa mfano ulionichekesha. Alisema mudyi ni kama bendera ile ya Waingereza iliyokuwa ikipepea penye boma: ndiyo bendera yetu. Na wengine walisema neno ambalo lingemgusa mwalimu ye yote. Walisema mti ni kama shule. Mwali hunywa akili za kike chini ya mudyi kama mtoto mchanga anavyonyonya.

Lakini sasa nataka kueleza habari ya kijiko, maana hapo ndipo moyo wa jambo ulipo, ijapokuwa kwa macho ilikuwa kama mchezo.

Mama wa mwali hakuruhusiwa kuingia katika duara la wanaocheza. Wote walikuwa penye mti isipokuwa yeye. Mti ule ambao watu wote walisema ni mama na mtoto, siku ile ulikuwa umemtoa mama nje. Yeye alikuwa kwake anapika. Alipika muhogo na maharagwe, akachukua chakula hicho katika kijiko kikubwa, akakileta kwa wanawake wanaocheza, akauliza kwa sauti nani anataka chipwampwilu. Asili ya neno hilo haikujulikana. Mara waliposikia, wanawake wote wakaacha kucheza, wakakimbia kukinyang'anya kijiko, kila mmoja akitaka kula wa kwanza. Umoja ule wa wanawake uliokuwako asubuhi ukavunjika kwa kitambo. Sasa ikawa kijiji kwa kijiji.

Mwanamke mmoja alimweleza Bibi Turner sababu. Kijiko ni mwali mwenyewe atakapokuwa mtu mzima. Chakula ni uzazi wake, na ni kazi yake ya kulima na kupika. Ikiwa aliyewahi kukishika ni mwanamke wa kijiji cha mwali, hiyo ni heri. Lakini akiwa ni mtu wa mbali, mama huamini moyoni ya kuwa binti yake atakwenda mbali naye, katika kijiji cha watu wengine, akafie huko. Mama hutaka mtoto wake akae karibu.

Fikirini mama huyo. Amepika kwa mikono yake, amekibeba kijiko mwenyewe, naye hana haki ya kukizuia. Anasimama anatazama mikono ya wanawake ikigombania. Tena mama na binti walibadilishana vipande vya nguo. Na Wandembu wakifiwa na mtu, jamaa zake huvaa vipande vya nguo za marehemu. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama yangu mzazi siku alipochezwa dada yangu mkubwa, nilipokuwa mtoto wa miaka saba au minane. Watu walikuwa wakipiga vigelegele mbele ya nyumba. Mama alikuwa nyuma, penye jiwe la kusagia, anasaga wala hapakuwa na nafaka juu ya jiwe.

Bwana Turner alilifikiri sana jambo hili, nalo ndilo lililompatia sifa miongoni mwa wataalamu. Aliona ya kuwa Wandembu waliulizwa maana ya mti wakajibu umoja, umoja, umoja: mama na mtoto, wanawake wote, ukoo wote, kabila lote. Lakini waliyoyatenda chini ya mti huo huo yalikuwa magombano: wanawake na wanaume, mama na binti, mama na wanawake wenzake, kijiji na kijiji. Wataalamu wengine wa siku zile walisema shahidi wa kweli ni matendo, na maneno ya wenyeji yasitiliwe maanani. Na wengine walishika maneno tu. Yeye alikataa kutupa upande wo wote. Mimi naona alifanya haki. Mtu anayesema nyumba yetu ni moja huku akigombana na ndugu zake juu ya nyumba hiyo, hasemi uwongo; asingegombana kama nyumba isingekuwa moja. Wandembu walikuwa na mgogoro usiokwisha kati ya haki ya mama na haki ya mume, wala hapakuwa na hakimu wa kuukata. Basi waliuleta mgogoro wote mbele ya mti siku moja, wakauchezea, wakautukania, wakaugombania kijiko, na mti ukasimama katikati ukitoa maziwa.

Jioni mwali alichukuliwa akaingizwa katika kibanda cha majani. Huko alikaa siku nyingi, akinong'ona tu, akifundishwa na kungwi mambo ya ndoa na michezo ya ngoma. Sitaeleza yote, wala si adabu. Siku ya kutolewa alioshwa, akapakwa mafuta na udongo mwekundu, shanga nyeupe zikafichwa ndani ya nywele zake, nazo maana yake ni watoto atakaowazaa. Akacheza peke yake mbele ya watu wote, wanaume pia, akapewa zawadi, na usiku ule akaenda kwa mumewe. Yule aliyelazwa kama maiti asiweze kugeuka, sasa watu wote walimtazama yeye, na aliyekuwa mtoto wa mama yake akawa mwanamke mwenziwe katika ukoo mmoja. Hivyo ndivyo mama alivyorudishiwa alichonyang'anywa, lakini kwa sura nyingine.

Habari za vijana nitazipitia upesi, maana ngoma yao iliyoitwa Mukanda inafanana kwa mengi na jando tunalolijua, pamoja na ngariba wake, kumbi lake, na miiko yake mingi. Bwana Turner aliishuhudia mwaka 1953. Lakini miti yake haifai kuachwa. Kijana alitahiriwa chini ya mudyi, mti ule ule wa mama zake, na mahali hapo pakaitwa ifwilu vilevile. Kisha akapitishwa juu ya muyombu, mti unaopandwa kijijini kwa ajili ya kuwakumbuka wazee waliokufa. Kisha akaketishwa juu ya gogo la mukula. Na mukula ndio mninga wetu. Basi katika nyayo chache tu alitoka kwa mama, akapita kwa wazee waliotangulia, akafika kwa wanaume. Na kwa nini mninga? Kwa sababu damu ya mninga huganda upesi, na watu walitaka kidonda cha mtoto kigande kama mti. Wale waliosema kwamba Mwafrika wa kale hakuujua ulimwengu uliomzunguka, sijui kama walipata kumwuliza mtu habari za gogo.

Mwalimu mkubwa wa Bwana Turner katika mambo haya alikuwa mganga aliyeitwa Muchona, mtu mdogo wa kimo, mwenye maneno ya haraka, ambaye katika maandiko amepewa jina la utani la Mavu. Mama yake Muchona alikuwa mtumwa, na kwa hiyo yeye hakuwa na kijiji cha kusema ni chake. Alikuwa ametangatanga sana, akijifunza kila alikopita. Namwona ni mfano wa ajabu. Katika nchi ambayo ukoo wa mama ndio kila kitu, aliyeijua siri ya mti wa mama kuliko wengi alikuwa mtoto wa mwanamke aliyekatwa na ukoo wake. Muchona alikuwa na desturi ya kutafuta maana ya mti katika jina lake. Kwa mfano uko mti uitwao musoli, nao hutumiwa katika dawa za uwindaji na za uzazi. Jina lake linafanana na neno lao la kufunua, kuleta jambo waziwazi. Na matunda yake yakianguka, wanyama hutoka mafichoni kuja kuyala. Hivyo mti uwatoao wanyama mafichoni unaweza pia kumtoa mtoto aliyechelewa kuzaliwa. Jina, tabia ya mti, na haja ya mtu vimefungwa pamoja kwa fundo moja, na mtoto akiambiwa mara moja hasahau.

Mtu wa tatu katika mazungumzo yao alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni, Mndembu, Mkristo. Kwa muda wa miezi minane watatu hao walikaa pamoja wakizungumza juu ya ngoma za Wandembu, na Bwana Turner ameandika jinsi mwalimu huyo alivyoanza kuona ya kuwa mambo ya baba zake hayakuwa upumbavu mtupu kama alivyofundishwa.

Nami hapo nina jambo la kuungama. Katika mwaka wangu wa pili wa ualimu msichana mmoja wa darasa la nne alipotea majuma sita. Nilimwandika mtoro kila siku katika daftari. Aliporudi alikuwa amebadilika, mtulivu, hatazami watu usoni. Nilimpa adhabu ya kufyeka uwanja, naye alifyeka bila kunung'unika. Nilijua vema alikuwa katika unyago. Sikumwuliza hata neno moja la aliyofundishwa; nilidhani shule ni moja tu katika kijiji kile, yaani yangu. Miezi michache baadaye akaolewa mbali, na mama yake akaja kwangu kuniomba daftari lake la kuandikia, alitunze. Sikuwa nalo. Nilikuwa nimelitoa kwa mtoto mwingine, kurasa zake za nyuma zilikuwa nyeupe bado.

Juu ya misheni lazima niseme pia, maana wasomaji watauliza. Katika nchi ya Wandembu misheni ya Kalene Hill iliwekwa 1906 na Daktari Walter Fisher na mkewe, nao waliwatibu watu wengi sana. Jambo hilo halikanushwi na mtu. Lakini mafundisho ya huko yalikuwa makali juu ya ngoma, na Mkristo alitakiwa kujitenga nazo. Si misheni zote zilizofanya hivyo. Katika Masasi, Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa huko tangu 1926 hata 1944, alishika shauri jingine: pamoja na mapadre Waafrika alilitengenezea jando ibada za Kikristo, akakataza aliyoyaona mabaya, akayaacha mengine. Watu wengi walimlaumu, Wazungu kwa Waafrika. Nami sisemi kila jambo la kumbi au la unyago ni jema. Wako watoto walioumizwa, wako waliotishwa bure, na wako wasichana walioozwa kabla mifupa haijakomaa, nao huo ni uovu hata ukitendwa chini ya mti mzuri namna gani. Ninalosema ni kwamba mtu asiyeutazama mti hana haki ya kuukata.

Wala tusidhani ni mambo ya Walunda peke yao. Wazaramo, karibu kabisa na Dar es Salaam, mti wao wa mwali ni mkole, na mwanamke wa Kizaramo akisema amechezwa mkole, hana haja ya kueleza zaidi. Bibi Marja-Liisa Swantz, mtu wa Finland, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka 1970. Nasi tunaoupita mkole kila siku njiani, wengi wetu tunaujua kwa matunda yake tu.

Bwana Turner alipokwenda Mwinilunga hakuwa mtu wa dini. Alikuwa amefuata mafundisho ya Karl Marx. Yeye na mkewe walikaa miaka ile karibu na ngoma, wakaona watu wazima wakimzunguka mtoto mmoja mchana kutwa kwa ajili ya jambo lisiloonekana kwa macho. Waliporudi Uingereza, haikupita miaka mingi wakaingia katika Kanisa la Roma, na Bibi Turner amesema wazi ya kuwa Wandembu ndio waliowafungua macho. Sijui wamisionari wa zamani wangesemaje juu ya hilo.

Bwana Turner alikufa 1983. Miaka miwili baadaye, mwaka 1985, Bibi Turner alirudi Mwinilunga, akiwa mjane mwenye umri zaidi ya miaka 60. Alikuta Wakristo wengi kuliko zamani, na mambo mengi yamegeuka. Lakini wasichana walikuwa bado wanachezwa, na wanawake waliokuwa vijana alipowaacha sasa walikuwa bibi za watu. Wakamkaribisha, na ngoma ilipoanza akacheza pamoja nao.